Peres Nanjala Wekesa, Aliyezima Mashine

Marehemu Peres Nanjala alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 huko Kimilili, mtoto wa pili wa Mzee Zedekiah Wabwile na Mama Rasoa. Alisoma shule ya misheni karibu na nyumbani, akaendelea Butere, na mwaka 1958 akahitimu ualimu. Alirudi Kimilili kufundisha.

Mwaka 1961 aliacha ualimu, akaja Nairobi kutoboa kadi za hesabu kwa mashine katika kampuni moja ya bima, Government Road. Mzee alikasirika sana. "Ualimu ni kazi ya maisha," alimwambia. "Hiyo ya mashine utaifanya mpaka lini?"

"Sijui, baba. Wacha niende nione."

Tarehe 3 Agosti 1963 alifunga ndoa na Bw. Nashon Wekesa, mkaguzi wa majengo wa Halmashauri ya Jiji, na mwaka 1967 wakapata nyumba Woodley. Mungu aliwajalia watoto watatu. Marehemu alikuwa akiwalaza kwa kuwapigapiga mgongoni kwa vidole, upesi upesi, kama aliye kazini. Bw. Nashon alikuwa akimtania: "Mama Zadock, polepole, mtoto ataamka na matundu."

Mwaka 1969 kampuni ilinunua kompyuta. Wanaume wawili waliopewa nafasi ya kuisimamia waliikataa, wakihofu kwamba ikiharibika watafukuzwa nayo. Marehemu, akiwa mja mzito, aliomba apewe yeye. Aliwaambia wasichana wa idara yake, "Kazi hii hapa hakuna anayeijua. Basi tuijue sisi." Walijifunza kwa kukosea. Kufikia mwaka 1972 kampuni nzima ilikuwa ikiwategemea, na aliyewadharau mwanzoni sasa alibisha hodi kabla ya kuingia.

Yanayofuata marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe.

Chumba cha kompyuta kilizibwa madirisha ili vumbi lisiingie. Tepu za kuhifadhia hesabu na mashine zilisafishwa kwa dawa fulani yenye harufu tamu, ambayo iliwaumiza wasichana vichwa. Marehemu aliisafisha mashine kwa mikono yake miaka ya mwanzo, kisha akawafundisha wenzake. Siku moja Novemba 1973, msichana aitwaye Kanyiva alimjia.

"Madam, kichwa inaniuma tena. Nasikia kutapika."

"Maliza hii tepu kwanza, halafu upumzike."

Kanyiva aliimaliza. Hakurudi kazini tena. Alifariki kabla mwezi haujaisha.

Marehemu alienda Kangundo kwa mazishi. Mama yake Kanyiva alimshika mkono, akamuuliza, "Mwanangu alikuwa anafanya kazi gani huko, mpaka macho ikawa manjano?" Marehemu alituambia kwamba tangu siku ile hakuwahi kula akashiba.

Aliomba dawa ile iondolewe na madirisha yafunguliwe. Meneja wake, Bw. Waweru, alimwambia asubiri hesabu za mwaka zifungwe. Asubuhi iliyofuata marehemu aliizima mashine ikiwa katikati ya kazi, akawatoa wasichana wote nje, wakasimama barabarani.

"Peres, unajua unahatarisha kazi yako?" Bw. Waweru alimuuliza mbele ya wapita njia.

"Najua. Hiyo ni yangu."

Dawa iliondolewa. Naye aliondolewa katika uongozi, akapelekwa stoo ya makaratasi, na hakuna aliyekiri lolote kuhusu Kanyiva. Alikaa stoo hiyo mpaka mwili ulipokataa.

Ugonjwa ulianza katikati ya mwaka 1976. Tumbo lilivimba, miguu ikafura, macho yakageuka rangi. Daktari alisema ini limekwisha. Alipoulizwa kama ni ile dawa, hakusema ndiyo, wala hakusema siyo.

Miezi michache iliyopita Wanjira, mmoja wa wale wasichana, alikuja Woodley kumwomba ushauri. Alikuwa ameitwa kuongoza idara ya kompyuta katika kampuni nyingine, naye aliogopa. Marehemu aliomba ainuliwe akae.

"Enda," alimwambia. "Ukianguka, utaumia wewe, na utainuka. Lakini ukishakuwa mkubwa, msichana akikuambia anaumwa, wacha mashine ikae. Mimi niliangalia tepu."

Wanjira alilia. Marehemu hakulia, alimwuliza kama amekula.

Alifariki Jumanne tarehe 18 Oktoba 1977, alfajiri, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Amemwacha mume wake, Bw. Nashon, watoto wake Zadock, Naliaka na Rasoa, ambaye hajatimiza miaka minane, ndugu zake watano, na mama yake mzazi, Mama Rasoa, aliyetazamia kuzikwa na binti huyu na leo anamzika yeye.

Bwana ampokee, ampe usingizi usio na maumivu. Pumzika, Nanjala.