Jemadari Akosa pa Kukaa

Benchi la nje ya karakana ya Spoki, fundi baiskeli, linakaa watu watatu, na asubuhi hiyo wote watatu walikuwa wamenuna. Jana Spoki alimpokonya bintiye simu. Kumbe mtoto akijifungia chumbani hasomi, anaandika hadithi mtandaoni. Na angalau zingekuwa hadithi zake. Kamchukua Jemadari Radi, yule wa tamthilia anayefyeka watu kila Jumapili, akamtungia maisha mengine kabisa. Spoki aliapa kuzifuta zote leo hii. Ila kwanza alitaka wenzake wamwambie hajakosea.

— Hebu soma, alisema Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, akijimiminia kahawa.

Spoki aliiweka simu mbali na macho.

— "Jemadari aliingia bwaloni na sahani yake. Kila meza imejaa. Akajifanya anatafuta chumvi."

— Bwaloni wapi?

— Shuleni. Kamvalisha sare.

— Na upanga?

— Hana upanga. Ana sahani.

— Sasa anamfyeka nani?

— Hamfyeki mtu, Wembe. Sura nzima, mwanamume mzima anatafuta pa kukaa.

Taarifa, mzee anayeshinda na redio sikioni, alikohoa kidogo.

— Hiyo ni siasa. Meza ni vyeo. Kuna wakubwa wanamtumia mtoto wako.

— Wakubwa gani, mzee wangu? Ana miaka kumi na minne.

— Ndio wanaotafutwa hao.

— Acha kutuzungusha, Wembe alidakia. Binti ana mvulana. Jemadari ni mvulana, sahani ni moyo.

— Na chumvi?

— Chumvi ni wewe baba mtu, unawaharibia.

Spoki alianza kuumwa kichwa. Amewaita wamtulize, wao wanamkoroga.

— Na hawa wasomaji wake sijui wametoka wapi. Huyu kaandika, "Mimi hujifungia chooni mpaka kengele ilie." Mwingine, "Mimi hushika kitabu nijifanye nasoma." Jamani, hayo yanamhusu nini Jemadari?

— Wehu tu, Wembe alihukumu.

— Si wehu, alisema Taarifa. Simu zinawanyonya ujasiri kidogo kidogo. Siku ya vita tutakosa askari.

Pembeni alikuwa amesimama dada mmoja, mgeni mtaani, akisubiri tairi lake lizibwe.

— Samahani, kaka. Huyo binti, shuleni anakula na nani?

Spoki akatabasamu. Hatimaye swali la watu wenye akili.

— Na yule mwenzake mwembamba, mtoto wa fundi bomba. Hawaachani wale.

— Walihama, Spoki, alisema Wembe polepole. Tangu mwaka juzi. Baba yake nilimnyoa mwenyewe siku ya kuondoka.

— Basi ni yule... yule mwingine.

Wakangoja. Taarifa akapunguza sauti ya redio. Spoki alitafuta jina, lolote lile, hata la utani. Hakulipata, na hilo likamuuma kuliko alivyotegemea.

Simu ikatetema mkononi mwake. Msomaji mmoja, asiyemjua hata kwa sura, alikuwa ameandika: "Umepotelea wapi leo? Tumekuwekea nafasi."

— Wanasemaje? aliuliza Wembe.

Spoki aliitia simu mfukoni, bila kufuta hata hadithi moja.