Bi. Marsiana Njahani: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuuliza Umri wa Watu

Tarehe 30 Juni 1997, Bi. Marsiana Njahani anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya takwimu za vizazi na vifo, hapa Ifakara, kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Alianza Machi 1964, akiwa na miaka ishirini na miwili na mtoto mgongoni. Hakuna mwingine aliyewahi kukaa nasi hata nusu ya muda huo.

Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji kumi na vinne vya bonde akiuliza nani amezaliwa, nani amefariki, na alikuwa na umri gani. Kwa majibu hayo ofisi hukokotoa umri wa kuishi, yaani miaka ambayo mtoto anayezaliwa leo angetarajiwa kuishi ikiwa vifo vitaendelea kama vilivyo. Malinyi alikwenda kwa kivuko na baiskeli. Uchindile alikwenda kwa miguu, mpaka treni ya TAZARA ilipoanza kupita.

Wengi hawana vyeti vya kuzaliwa, kwa hiyo alijitengenezea kalenda yake: mwaka wa mafuriko, mwaka wa njaa, mwaka reli ilipofika. Alikuwa na subira. Mwaka 1989 alifika kwa Mzee Seni, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia karibu na Malinyi. Mzee alidhani amekuja kuhesabu mifugo, akaapa kwamba hana hata ndama, na zizi lote linalia nyuma yake. Bi. Marsiana akamwamkia kwa Kisukuma, “Mwangaluka, baba,” akamweleza kwamba yeye huandika watu tu. Mzee akacheka, akaagiza kigoda na maziwa ya mgando, akawataja wanawe wote, walio hai na waliokufa. Ng'ombe hakuwataja.

Kwa miaka mingi habari zilikuwa njema. Mwaka 1966 umri wa kuishi katika vijiji vyake ulikuwa miaka arobaini na mmoja. Mwaka 1978 ulifika arobaini na saba, na mwaka 1988 hamsini na mitatu. Chanjo ya surua ilikuwa imefika, visima vimechimbwa, na kurasa za watoto wachanga katika daftari la vifo zilipungua mwaka hadi mwaka. Mstari wa umri wa kuishi kwenye chati ya ukutani aliuchora yeye kwa penseli, na hakupenda mwingine auguse.

Kuanzia mwaka 1990 alianza kuandika vifo vya watu wa miaka ishirini na mitano, thelathini, thelathini na minane. Mstari ukainama. Utaratibu wetu ni kusubiri siku arobaini kabla ya kuhoji wafiwa, hivyo Bi. Marsiana alifika wakati turubai limeshaondolewa na ndugu wamekwisha kurudi kwao. Aliniambia kwamba mara nyingi fomu ilimalizika kwa robo saa, na saa mbili zilizobaki alikaa tu na mwenye msiba.

Kwake Lipangalala hakukuwa na watu wengi. Mumewe, Viktor, alikwenda kufanya kazi ya reli Makambako mwaka 1976, hakurudi. Alibaki na mwanawe wa pekee, Obed, fundi baiskeli. Obed aliugua mwaka mzima, akafariki Agosti 1993 akiwa na miaka thelathini.

Karani hahoji nyumba yake mwenyewe. Zamu ya kwenda ilikuwa yangu. Siku arobaini zilipotimia niliona aibu kumuuliza, nikaahirisha, nikaahirisha tena. Kisha nikaikuta fomu kwenye kapu langu, imejazwa kwa mwandiko wake. Jina la aliyehoji: Marsiana Njahani. Jina la aliyehojiwa: Marsiana Njahani. Uhusiano na marehemu: mama. Niligonga muhuri.

Mwaka jana ndipo nilipopata ujasiri. “Mama Obed, nisamehe,” nilimwambia. “Nilipaswa kuja.”

“Nilikuchemshia chai siku mbili, Safina,” akajibu. “Siku ya tatu nikaandika mwenyewe.”

Mwaka 1994 hesabu zake zilitoa umri wa kuishi wa miaka arobaini na minane. Mratibu aliyekuja kukagua ofisi alikataa kuzipokea. Alisema umri wa kuishi haurudi nyuma wakati zahanati zinaongezeka, na kwamba bila shaka karani amehesabu vifo mara mbili. Akamwamuru arudie vijiji vyote, la sivyo takwimu za miaka minne zifutwe. Bi. Marsiana hakubishana. Alitembea kiangazi chote, nyumba kwa nyumba, akiwauliza wafiwa mara ya pili swali walilokwisha kulijibu. Wengine walimfungia mlango, naye akasubiri uani.

Septemba aliweka orodha mezani. “Ndugu Mratibu,” alisema, “nimemkuta mmoja yuko hai, anaezeka nyumba yake. Nimemfuta. Waliobaki ni mia tatu na kumi na saba, na majina yao haya hapa. Nionyeshe niliyemhesabu mara mbili.”

Mratibu alifungua ukurasa mmoja mmoja. Alipofika ukurasa wa Lipangalala alisoma jina la marehemu na la mama aliyehojiwa, akamtazama, akafunga orodha. Ripoti ilitoka na arobaini na minane, na kwa mara ya kwanza ofisi yetu iliandika neno UKIMWI kwenye kichwa cha habari badala ya “homa za muda mrefu”.

Kwa sherehe ya kumuaga Jumamosi, Bi. Marsiana alituomba tusiweke viti vingi, kwa kuwa hana watu. Hatukumsikiliza. Tulipeleka mialiko kwenye nyumba zote alizohoji mwaka ule wa marudio. Mingi imejibiwa, na wageni wa Malinyi watavuka Ijumaa. Mialiko kumi na tisa imerudi ofisini. Katika nyumba hizo hakuna aliyebaki wa kuipokea. Viti vyao tumevihesabu pia.

Mama Obed, asante kwa kwenda tulikoogopa kwenda. Ishi miaka mingi kuliko hesabu zote ulizotuletea.

Safina Mtoro
Karani, kwa niaba ya wafanyakazi wenzake