Ukuta Niliujenga Mimi, Lawama Nikamtupia Mungu

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa kwa kunipa ujasiri wa kusimama mbele yenu leo. Mimi ni Elias, fundi ujenzi wa hapa Nsemulwa.

Nilimjengea nyumba jirani yangu Mama Yasinta, mjane mnayemfahamu wote. Aliniuliza, "Fundi, wenzangu wanafunga lenta, ile zege yenye nondo inayoshika kuta zote pamoja. Yangu vipi?"

Nikamjibu, "Mama, hii siyo ghorofa. Utajisumbua bure."

Kweli yenyewe, nilikuwa na haraka ya kwenda kazi nyingine Inyonga. Matofali yake niliyaunga kwa udongo mtupu.

Asubuhi moja, nakunywa chai, ardhi ikanguruma kama lori linapita chini yetu. Kikombe kikatembea mezani. Kisha nikasikia kelele kwa Mama Yasinta. Ukuta wa chumbani ulikuwa umemlalia. Tulifukua kwa mikono tukamkuta hai. Mlango ulitangulia kumwangukia ukamkinga kifua, ila mguu ulivunjika.

Niliokota tofali moja, udongo ukamong'onyoka kama unga. Nikajua. Lakini watu walipouliza, mimi ndiye wa kwanza kusema, "Mungu ametupiga kwa sababu ya dhambi za mtaa huu." Nilisema hivyo hata kwenye maombi. Basi wengine wakaanza kumshuku yule mama kuwa ndiye mwenye dhambi, wakaacha kwenda kumwona. Nikanyamaza. Chakula kilinishinda, na kila nikiomba, maneno yalikauka.

Ndipo dada mmoja wa kwaya yetu, mwalimu wa jiografia, akatueleza baada ya ibada: "Sisi tuko kwenye Bonde la Ufa. Ziwa Tanganyika upande huu, Rukwa upande ule. Miamba chini inavutana miaka mingi, ikishindwa kuhimili inateleza ghafla, na sisi huku juu tunatikisika. Tetemeko halichagui mwenye dhambi. Wengi huumizwa na nyumba dhaifu."

Ndugu zangu, nilihisi ananisema mimi.

Nilienda kwa Mama Yasinta, nikapiga magoti, nikamweleza yote.

"Nilijua, fundi," akasema. "Nyumba za wenzangu zenye lenta niliziona zimesimama. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nimekusamehe. Sasa ukawaambie na watu kanisani."

Siku ile Yesu alinitua mzigo. Nililia kama mtoto, na jioni nikala nikashiba.

Nyumba yake nimeiinua upya, na lenta nimeifunga kwa mikono hii. Yeye huyo amekaa mstari wa pili, amekuja kwa miguu yake.

Kama kuna jambo unalificha, mpelekee Yesu, hatakufukuza. Na nyie niliowajengea kwa udongo, niwieni radhi. Ardhi yetu itatikisika tena. Kesho asubuhi nitapita kwenu mmoja mmoja na vifaa vyangu, tuzikague kuta. Naomba mnifungulie.