Nguzo Iliyosimama Kichwa Chini

Sikilizeni wanangu. I Tungke, acha kulialia, sijafa bado. Nyumba hii niliiona ikizaliwa, kwa macho haya! Msimsikilize mwingine yeyote, wale walikuja kula tu. Mimi La Sennang niliishika nguzo ya kitovu kwa mkono mmoja, wanaume thelathini wanatweta upande wa pili, hata samaki wa ziwani wakatoa vichwa kunitazama.

La Patau, unacheka. Cheka, si umesoma mjini Makassar. Jana uliniambia mimi baba yako, "Ambo, jengo ni jengo, tubomoe hili tumwage zege." Mwanangu, hata banda la bata lina nguzo na paa, mbona hatuwaamkii bata? Nyumba inakuwa nyumba siku nguzo ya kitovu inaposimama, imefungwa kitambaa cheupe, imening'inizwa nazi na sukari guru, upande wa mizizi chini, upande wa matawi juu, kama mti ulivyoota wenyewe. Ukiipindua umemsimamisha mtoto mchanga kwa kichwa. Hapo una mbao tu, na mbao hazimlindi mtu.

Na hii yetu ilipinduliwa. Mama yenu hakufika mavuno ya kwanza. Mdogo wenu hata jina hakupata. Nilipokagua mafundo ya mti nikaona upande wa matawi ndio uko ardhini, basi nikasimama juu ya ngazi nikatangaza kwamba nilimwona fundi mwenzangu, La Wero, akiigeuza. Sauti yangu ilivuka ziwa ikarudi! Tangu siku hiyo La Wero hakuitwa kutengeneza hata ngazi ya kuku. Mtu aliyesimamisha nyumba nzima bila msumari alikufa akisuka mitego ya samaki. Na nyinyi mpaka leo mwanawe, La Makka, akipita mnatema mate. Msikatae, nawaona kutoka dirishani.

Mnaijua desturi yetu mafundi: nguzo haigeuzwi mpaka mwenye kosa aweke mkono juu yake na kulitaja kosa lake. La Wero nilimleta hapa mara tatu. Mara tatu akanitazama tu, akasema, "Sennang, mimi sina la kuiambia nguzo hii." Akashuka.

Sasa I Nilang, mjukuu wangu, yuko chumba cha nyuma na mimba ya miezi minane. Atazalia chini ya nguzo hii. Hilo ndilo linaloninyima kufa.

Basi shikeni haya. Nikishazikwa, La Patau, utakwenda wewe mwenyewe, kwa miguu, bila pikipiki, ukamwite La Makka aje aigeuze.

"Mtoto wa yule muuaji? Ambo, homa imekupanda."

Nyamaza. Utamwita kaka. Tezo langu ni lake, na randa pia. Shamba la kando ya mfereji gawaneni wewe na I Tungke, na La Makka apitishe maji yake humo bila kuomba. Zege lako kalimwage kwingine.

Mungu awape pumzi ndefu. I Tungke, binti yako ajifungue salama, mtoto alie kwa nguvu, awashinde majogoo wa... Maji. Nipe maji kidogo.

Ninyanyueni. Nipelekeni kwenye nguzo. Polepole, mimi siyo gunia la mpunga. Hapo. Uwekeni mkono wangu... bapa. Hivyo.

Siku ile ya kuisimamisha kulikuwa na wasichana wanatazama. Nikawaonyesha nilivyojua kupiga randa, maranda membamba, unayapuliza yanaruka. Nikapiga, nikapiga... nikaifuta alama iliyoonyesha upande wa mizizi. Nikaona haya kuuliza. Nikabahatisha.

La Wero alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Aliporudi, nguzo ilikuwa imeshasimama.

Sikumwona akigeuza kitu, wanangu. Hilo nililitunga.