Mzee Zablon Onyancha Mogaka, Aliyengoja Matokeo Hadi Jua Lizame

Wasifu huu umeandikwa na binti yake wa kwanza, Everline, ambaye ndiye anayeusoma. Wazee wa kanisa walimweleza kwamba wasifu wa marehemu hauandikwi kwa "mimi". Basi humu ndani ataitwa Everline kama mtu mwingine yeyote, na pale alipokosea itasemwa hivyo hivyo.

Mzee Zablon Onyancha Mogaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika kijiji cha Nyamarambe, Kisii, mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mzee Mogaka Nyakundi na marehemu Mama Kerubo. Ilikuwa Jumamosi, siku ya Sabato, na mama yake alipenda kuwaambia majirani kwamba huyu mtoto hata kuzaliwa alikuja akiwa amepumzika. Ni utani ambao haukumfaa, kwa sababu siku nyingine sita za wiki hakuna aliyewahi kumwona ameketi.

Alisoma Shule ya Msingi ya Nyamarambe kuanzia mwaka 1961 hadi 1968 na akafaulu vizuri, hasa hesabu. Elimu ya sekondari haikuwezekana. Alikaa nyumbani miaka miwili akichunga ng'ombe wa babake, na mnamo Januari 1971 akaitwa Nairobi na mjomba wake, aliyekuwa saisi katika uwanja wa mbio za farasi. Zablon hakuwa amewahi kumwona farasi ila kwenye picha. Asubuhi ya kwanza kazini alimwendea mmoja kwa nyuma, akampigapiga kiuno kwa mkono kama alivyozoea kwa ng'ombe wa kwao, na farasi akamrusha kwa teke hadi kwenye birika la maji. Alibaki na kovu mguuni, chini ya goti, na hakuwahi kumlaumu yule farasi. Alisema angekuwa yeye angefanya vivyo hivyo.

Alifanya kazi hiyo Nairobi kwa miaka thelathini na saba. Kazi ya saisi ni kumlisha farasi, kumpiga brashi, kumsafisha kwato, kumtembeza, kumbadilishia maranda ya kulalia, na kila asubuhi kupitisha kiganja kwenye kila mguu akitafuta joto lisilo la kawaida. Mbio za Nairobi zilikuwa za Jumapili, na Msabato hana ugomvi na Jumapili. Kwa hiyo katika miaka hiyo yote hakuna mbio za farasi wake ambazo hakuziona.

Tarehe 23 Desemba 1979 alifunga ndoa na Lydiah Kwamboka, mwalimu wa shule ya msingi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Everline na Mark. Mama Lydiah hakuogopa kitu duniani isipokuwa farasi, na kwa miaka yote ya ndoa yao aliyafua makoti ya mumewe bila kulalamika, ila aliyaanika mbali na nguo nyingine. Mzee alistaafu mwaka 2008 akarudi Nyamarambe kwa chai na migomba yake. Mama Lydiah alilala tarehe 2 Agosti 2011, na nyumba ikawa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Ndipo Everline, aliyekuwa tayari nesi huku Texas, akamletea makaratasi ya kuhamia Marekani. Mzee alifika Dallas tarehe 9 Juni 2013. Mpango wa binti ulikuwa mzuri: baba apumzike kwake Carrollton, aangalie televisheni, awafundishe wajukuu Kiswahili. Baada ya mwaka mmoja wajukuu walikuwa wanamjibu kwa Kiingereza na Mzee alikuwa amefagia sehemu ya kuegesha magari ya jengo zima la jirani, mara mbili kwa siku. Meneja alidhani ameajiriwa.

Agosti 2014 walikuwa wakipita magharibi ya Fort Worth, Mzee akaona farasi nyuma ya ua. Akasema, "Simamisha." Everline alimwambia huku mtu haingii kwa mashamba ya watu hivi hivi. Akasema tena, "Mama, simamisha gari." Lilikuwa zizi la mwanamke anayeitwa Carmel, mwalimu wa farasi wa mbio za kuruka viunzi, mchezo ambao Texas hauna wafuasi wengi. Carmel alikuwa na farasi kumi na wanne, ambao aliwapeleka kwa trela hadi Tennessee na Carolina kushindana. Alimuuliza mgeni wake kama ana karatasi yoyote ya kuonyesha uzoefu wake. Mzee akapandisha suruali akamwonyesha kovu. Carmel naye akapandisha yake. Jumatatu Mzee akaanza kazi.

Hapa Everline anaomba msikilize vizuri, kwa sababu ndipo alipokosea. Aliona haya. Alikuwa amesoma, amenunua nyumba, kanisani watu walimheshimu, na sasa babake wa miaka sitini na mmoja anazoa mavi ya farasi Marekani. Alimwambia, "Baba, watu watasema siwezi kukutunza. Si u-relax tu?" Mzee akajibu kwamba ame-relax mwaka mzima na imemchosha. Alihamia Fort Worth, akapanga nyumba pamoja na mfanyakazi mwenzake, Wilondja, Mkongo wa Fizi, kijana wake wa hiari tangu siku hiyo. Ijumaa alasiri Everline alikwenda kumchukua kwa ajili ya Sabato, na kabla Mzee hajaingia ndani ya gari alitandika taulo kwenye kiti. Alitandika taulo hilo miaka kumi. Mzee alikuwa akilinyoosha vizuri, anaketi, anasema asante.

Siku moja kanisani mzee mmoja wa kanisa aliuliza baba anafanya nini siku hizi. Everline akajibu haraka kwamba anatoa ushauri wa mambo ya mifugo. Mzee Onyancha alikuwa amesimama nyuma yake na sahani ya wali. Wakiwa njiani kurudi nyumbani ndipo aliposema, "Leo nimepandishwa cheo hapo kanisani. Sijui kama Carmel amepata habari." Akacheka hadi akakohoa. Everline hakucheka.

Mbio za huku kwa kawaida ni za Jumamosi. Mzee alilipima jambo hilo mwenyewe bila kumsumbua mchungaji. Kulisha mnyama siku ya Sabato ni huruma, alisema, lakini kushindana ni kazi. Hivyo Ijumaa aliwaandaa farasi, akawapandisha kwenye trela, akawaaga mmoja mmoja, akabaki. Wilondja na Carmel walikwenda nao. Matokeo hakutaka kuyasikia hadi jua lizame. Kwa miaka zaidi ya kumi alilea farasi ambao hakuwahi kuwaona wakiruka hata kiunzi kimoja mbele ya watu.

Kipenzi chake alikuwa farasi jike wa rangi ya kahawia. Jina lake la karatasini ni refu, lakini Mzee alimwita Mama Mkwe, kwa sababu alitaka kuendewa kwa adabu na hakupenda kutazamwa machoni. Tarehe 13 Mei 2017 Mama Mkwe alikimbia kwa mara ya kwanza, Tennessee. Jioni hiyo Mzee alikuwa amesimama kibarazani kwa Everline, Carrollton, simu ya Wilondja ikaita.

"Papa Zablon, jua imeshazama huku! Nikuambie?"

"Huku bado liko juu ya paa la jirani."

"Lakini wamekimbilia huku, Papa!"

"Na masikio yangu yako huku."

Jua la Tennessee hutangulia la kwetu kwa zaidi ya nusu saa, na Wilondja hakukata simu. Walizungumza habari za sombe, yaani kisamvu cha kwao Wilondja, mvua, na magurudumu ya trela, huku nyuma watu wa zizi wakiimba na Mzee akiiweka simu mbali na sikio ili asibahatishe chochote. Jua lilipozama akasema, "Haya, sema sasa." Everline, akiwa jikoni, alisikia sauti ya Wilondja kwenye simu: wa kwanza, kwa urefu wa shingo! Mzee akauliza, "Na miguu?" Akajibiwa kwamba yote minne ni mizima. Akavua kofia akamshukuru Mungu, kisha akala ugali sahani mbili.

Kuanzia hapo desturi ikawa hiyo. Wa pili, Carolina, 2019. Wa sita kati ya saba, 2020. Mwaka 2022 Mama Mkwe alianguka kwenye kiunzi cha mwisho, akainuka mwenyewe, na Mzee alishukuru siku hiyo kuliko siku ya ushindi. Mara nyingi alimwambia Everline, "Hakuna mtu wa nyumba hii amewahi kuwaona wakikimbia. Kukiwa na mbio siku ya kazi, mimi nitabaki na farasi wengine zizini, wewe niendee." Everline alisema sawa, ataangalia shifti zake. Mara mbili zilitokea mbio za katikati ya wiki. Mara mbili shifti hazikuruhusu, au Everline alisema haziruhusu.

Mwaka 2023 moyo wake ulianza kudhoofika. Mtu aliyepima miguu hamsini na sita ya farasi kila asubuhi aliificha yake miwili ndani ya buti za mpira, ikivimba, na binti yake nesi hakuiona. Januari 2025 aliacha kazi, Machi akalazwa Fort Worth. Familia inawashukuru sana madaktari na manesi waliomhudumia, pamoja na akina mama wa kanisa waliomletea uji hata siku ambazo hakuweza kuunywa.

Katika wiki hizo Carmel alitangaza kwamba Mama Mkwe atakimbia kwa mara ya mwisho, shambani nje ya Houston, Jumapili tarehe 6 Aprili. Jumapili! Mzee alilia. Daktari alimkataza kutoka kitandani. Safari hii hakumwomba binti yake. Alimwuliza Wilondja tu kama ataweza kumpigia simu. Everline alitoka nje kwenye korido, akabadilishana shifti na rafiki yake, akarudi akasema, "Baba, ni mimi nitakupigia."

Everline na Wilondja waliendesha gari kwa muda wa saa nne. Walikimbia farasi wanane, viunzi kumi na viwili, na Everline, simu mkononi, alimsimulia baba bila kujua jina la kitu chochote. "Wameruka kile kijani! Yuko nyuma ya yule mweupe! Baba, ameruka, ameruka!" Alipiga kelele hadi watu wakageuka. Mama Mkwe alikuwa wa tatu.

Mzee aliuliza, "Masikio yake yako wapi?"

"Yako mbele, Baba."

"Basi hakuumia. Na wewe uko wapi?"

"Nimeshika kamba yake. Carmel anammwagia maji. Nimelowa mpaka viatu."

Akauliza polepole, "Watu wanakuona?"

"Wananiona, Baba. Wameniuliza mimi ni nani, nimesema ni binti wa saisi."

Wilondja, aliyekuwa karibu na Everline, alisikia kupitia simu Mzee akivuta pumzi ndefu na kusema kwa Kikisii neno moja la kumshukuru Mungu.

Mzee Zablon Onyancha alilala Jumatano tarehe 9 Aprili 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili. Alhamisi ijayo mwili wake utasafirishwa kwenda Nyamarambe kuwekwa kando ya Mama Lydiah. Ameacha watoto wawili, Everline na Mark, wajukuu watano, dada yake, Mama Kemunto, Wilondja, ambaye familia inamhesabu mwana, na Carmel, ambaye amefunga zizi leo ili awe nasi. Wote mliotoa muda, chakula na maombi, Mungu awabariki.

Jambo la mwisho. Katika ofisi ya mazishi mhudumu alijaza fomu ya cheti cha kifo, akauliza kazi ambayo marehemu alifanya sehemu kubwa ya maisha yake. Everline alikuwa amejibu swali la namna hiyo mara nyingi, kanisani, kazini, kwa majirani. Alimwambia aandike kwamba alitunza farasi, miaka arobaini na saba. Mhudumu akaandika. Everline akamwomba kalamu, na pembeni ya maneno hayo, kwa mkono wake mwenyewe, akaongeza lile neno ambalo babake alijiita.

Saisi Zablon Onyancha Mogaka apumzike salama.