Msikifue Kitambaa Hiki

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Okidi, zima hiyo simu. Lamwaka, fungua dirisha lote, kelele za gereji ziingie. Nimelala juu ya kelele hizo miaka thelathini na sitaki kufa kwenye ukimya. Daktari wa hospitali ya Nsambya amesema mapafu yamejaa maji, akanirudisha nyumbani, na nyote wawili mmeelewa maana yake ingawa mnajifanya hamkuelewa. Leo nasema Kiswahili, si Kiacholi, kwa sababu ndicho tulichotumia kazini hapa chini, na kwa sababu maneno haya yanamhusu Kakule, yule Mkongo, na nataka yamfikie kama nilivyoyatamka.

Okidi, wewe ndiye wa kwanza: kiwanja hiki cha Katwe na vyumba hivi ni vyako. Mashine ya kuchongea silinda ni ya dada yako. Nyamaza! Bado sijafa. Najua umeshaongea na mtu wa soko la Kikuubo aje kuinunua, na mimi nasema haiuzwi. Lamwaka akiweka kiganja juu yake inapochonga, anajua kisu kimeanza kuchoka. Wewe unaitazama kama ng'ombe wa mnada. Na yale mawe ya kusugulia silinda, yaliyo kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda changu, hayo si yangu kumpa mtu. Ni ya Kakule. Nimeyakalia miaka kumi na minne.

Sikilizeni sasa, na msinikatize, pumzi ni chache.

Kakule alikuja kutoka Kongo na begi moja, ndani yake hayo mawe na shati la kwenda kanisani. Nilimchukua kwa huruma, nikijua mimi ndiye fundi, mimi niliyefundishwa karakana ya polisi, nikapewa cheti. Mnajua mashine ikishachonga silinda kazi haijaisha. Lazima isuguliwe kwa mawe, juu chini, juu chini, ibaki na mistari myembamba inayokatana, oili ipate pa kushika. Mimi nilizoea kuisugua mpaka mteja ajione uso ndani yake, akasifu, akalipa, na baada ya miezi miwili injini inakunywa oili. Kakule alisugua huku amefumba macho, anasikiliza. Kisha akachemsha maji, akaosha silinda kwa sabuni kama anaosha mtoto, akafuta kwa kitambaa cheupe, akatazama kitambaa, akaosha tena, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ndipo akapaka oili. Mimi nilikuwa naosha kwa petroli, na unga wa jiwe unabaki umejificha kwenye mistari. Nilikuwa nakosea miaka ishirini, na aliyenionyesha ni mkimbizi niliyekuwa nampa chakula!

Hakunisema hata siku moja, na hilo ndilo lililoniua. Angenicheka ningempiga, tukayamaliza. Mzee Wahabi, mwenye lori za ndizi, akaanza kunipita mlangoni: "Muzee, wewe kunywa chai tu. Mimi nataka Mukongo." Na wewe, Lamwaka, ulikuwa na miaka kumi na miwili, siku moja ulileta chai ukampa yeye kikombe cha kwanza, baba yako amesimama pale na mikono mitupu. Umesahau. Mimi sikusahau. Wivu ulinishika hapa, kifuani, pale pale maji yalipo sasa, nikawa silali, nasikia jiwe lake masikioni hata Jumapili.

Basi ikaja injini ya Wahabi. Kakule akamaliza silinda zote sita, akazifunika gunia, akaenda kula. Nikachukua ile dawa nyeusi ya kusagia valvu, yenye mchanga mkali, nikaipaka kidogo kwenye silinda mbili. Kwa kidole hiki. Aliporudi nikamwambia, leo pumzika, pistoni nitaingiza mimi mwenyewe. Akanishukuru.

Baada ya wiki tatu lori likarudi linaunguza oili, linatoa moshi wa buluu. Wahabi akapiga kelele mpaka watu wa barabarani wakajaa mlangoni, na mimi nikasimama mbele yao nikasema, "Hii ni kazi ya Kakule." Kakule akafungua injini. Akatoa pistoni, akafuta kwenye ringi kwa kitambaa chake cheupe, akakisugua kati ya vidole, akakinusa. Akatazama rafu, mahali kopo la ile dawa nyeusi lilipokuwa. Halafu akanitazama mimi. Alikuwa na haki ya kupaza sauti na watu walikuwepo. Akanitia kitambaa mkononi, akasema, "Muzee, mi naenda," akaondoka hata mawe yake hakuyachukua.

Hakuna aliyempa injini baada ya hapo. Miaka minne alibeba mizigo Kikuubo, mikono ile, mpaka akapata kibanda cha ufundi Nakawa. Nilikuwa nikipita Kikuubo kwa bodaboda namwona na gunia mgongoni, na sitawadanganya, siku za kwanza nilifurahi.

Lamwaka, najua kwamba ulimfuata Nakawa akufundishe. Nilijua siku nilipokukuta unachemsha maji, ilhali nilikuwa nimepiga marufuku sabuni hapa chini. Nilikaa kimya kwa aibu, na wivu pia, ndiyo, kwamba binti yangu alikwenda kutafuta fundi kwingine. Na wewe Okidi, nimeona unavyomtazama dada yako mteja akimwita. Jicho hilo ni langu. Likikujia, toka nje, tembea, mwambie mtu. Usikae nalo karibu na kazi ya mwenzako.

Nipeni maji... Basi. Lamwaka, fungua sanduku. Kitambaa kiko chini ya mawe. Msikifue. Mpelekeeni Kakule kilivyo, na uchafu wangu juu yake, na mzee Wahabi aitwe, na watu wa mlangoni waitwe, waambiwe ni nani aliyepaka. Nilitaka mfanye hivyo nikiwa nimeshazikwa. Sikutaka anione nimelala.

Lakini mnadhani mimi nimekuwa kiziwi? Tangu asubuhi nasikia jiwe hapo chini. Lamwaka uko hapa, Okidi uko hapa. Sasa nani anasugua? Mmemwita amalizie injini niliyoiacha, mkaogopa kuniambia. Mkono ule naujua. Hata leo... hata leo ni mzuri kuliko wangu, na inaniuma, wanangu, inaniuma vilevile.

Mungu awashike mikono. Mshikane... mle pamoja. Msimamie watoto wenu... Okidi, inua kichwa changu.

Jiwe limenyamaza. Maji anachemsha... hapana, ni ngazi. Anapanda. Sikilizeni, mzee mwenzangu, na hahemi.

Nipeni kitambaa. Hapa, mkononi. Nitampa mwenyewe.