Mzee Sabuni, Aliyewaogesha Watu Bila Maji

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuvunja, kupanga na kujenga upya mabafu na majiko ya watu, fundi wetu mkuu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina lake la kwenye kitambulisho analijua mhasibu peke yake. Sisi wengine wote, pamoja na wateja, wakubwa kwa wadogo, tunamwita Mzee Sabuni. Ukipiga simu ofisini ukaulizia jina lingine, mimi ninayepokea simu nitakuambia umekosea namba.

Jina hilo alilipata kihalali. Mteja anayetafuta fundi mzoefu huwa amejiandaa kwa maswali ya rangi ya vigae, aina ya koki, na kama sinki liwe la duara au la mraba. Mzee Sabuni hakuwa na haraka na hayo. Alifika, akasalimia nyumba nzima mpaka paka, akaingia bafuni, kisha akauliza: "Ukioga, sabuni unaiweka wapi?" Wengi waliduwaa. Kuna watu wameoga maisha yao yote na hawajawahi kuulizwa.

Hapo ndipo lilipoanza zoezi lake maarufu la kuoga kikavu. Mteja alitakiwa asimame katikati ya chumba, nguo zake zote mwilini, aoge kama anavyooga kila siku: afungue koki isiyokuwepo, ajipake povu la hewa, ajisugue mgongo, ainame kuosha miguu, apapase kutafuta taulo. Mzee Sabuni alisimama kando na penseli, akitia alama ukutani kila mkono ulipofika. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Yeye aliwaogesha watu bila maji na bila kuvua hata soksi.

Nimeshuhudia mkuu wa shule, mtu wa suti na sauti nzito, akiosha kichwa kwa hewa mpaka tai ikahamia mgongoni. Jikoni zoezi liliitwa kupika hewa, na huko ndiko siri za nyumba zilikofichuka. Baba mmoja alishikilia kwamba jiko lipangwe kwa vipimo vyake, maana yeye ndiye mpishi wa nyumba hiyo. Alipoambiwa, "Haya, baba, pika," alifungua makabati yote akitafuta chumvi, akaishia kuipekua droo ya vitambaa, huku mkewe akicheka mpaka akakalia mfuko wa saruji. Jiko likapangwa kwa vipimo vya mama. Baba akawekewa stuli, tena karibu na mlango.

Tusimpambe kupita kiasi, maana hata yeye aliwahi kuteleza. Dada mmoja alipitia nyumbani akitoka kazini, akaoga kikavu akiwa na viatu vyake vya visigino virefu, na si yeye wala fundi aliyekumbuka kwamba watu hawaogi na visigino. Alama zikatiwa kwa uangalifu mkubwa. Rafu ya sabuni, koki, ndoano ya taulo, vyote vikapanda juu, na bafu likapendeza kweli. Siku chache baadaye mama mkwe wa yule dada akapiga simu ofisini kwa upole kabisa. Aliuliza kama bafu letu jipya lina masharti ya kuingiwa na viatu vya harusini, kwa sababu kila asubuhi anamwona mkwewe anatoka amejifunga taulo na visigino vinachuruzika maji. Mzee Sabuni alijishika kichwa, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaenda kushusha kila kitu. Tangu siku hiyo mfuko wake wa vifaa una mwiko, pimamaji na jozi ya kandambili, na hakuna mteja aliyeoga kikavu bila kuzivaa.

Mafundi wengi waliopo kwenye kampuni hii wamepita mikononi mwake. Aliwafundisha kumwaga maji sakafuni na kuyatazama yanakokwenda kabla ya kujisifu. Fundi aliyefunika bomba linalovuja kwa kigae kipya alisemwa mbele ya watu mpaka akatamani ardhi ipasuke. Jioni yake Mzee alimnunulia chai, wakarudi kuwa baba na mwana.

Lakini kazi tutakayoisimulia mpaka na sisi tustaafu ni hii ya mwisho. Alikuwa ameshaanza kugawa vifaa vyake pale bibi mmoja alipoingia ofisini ameshikwa mkono na kitinda mimba wake. Bibi aliteleza bafuni mwaka jana, na tangu hapo amekuwa akiogeshwa kwa zamu na mabinti na wakwe, mlango wazi, na yeye ameangalia chini. Wanawe walikuwa wameshakubaliana ahamie kwa kaka yao mkubwa. Bibi hakutaka hata kuisikia habari hiyo. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, na alichokitaka ni kimoja tu: aoge peke yake, mlango umefungwa. Akiweza, anabaki kwake. Akishindwa, atafunga mizigo bila kunung'unika. Watoto wakakubali shingo upande.

Mzee Sabuni alimnyang'anya mtu mwiko aliokuwa amempa asubuhi ileile, akaenda, nasi wa ofisini tukamfuata. Kufika bafuni, Bibi akagoma. Kuoga mbele ya mwanamume, hata kwa hewa, hata na koti juu, yeye hawezi. Fundi akajaribu kumbembeleza kwa methali, akamkumbusha kwamba mficha uchi hazai. Bibi akamjibu kwamba yeye keshazaa sita, kwa hiyo sasa ana ruhusa ya kuficha. Mtu aliyewaogesha wakuu wa shule alikuwa amekwama.

Aliyemwokoa ni mkewe. Alipopigiwa simu alikuja na bakuli la unga alioukoroga na maji, akaingia bafuni na Bibi, wakashusha pazia, naye mumewe akaamriwa asimame uani. Bibi alichovya kiganja kwenye ule unga, akaoga kikavu, na kila alipohitaji kushika akapiga kiganja ukutani. Sisi huku nje tulisikia vicheko tu. Walipotoka Bibi alikuwa na unga mpaka puani, na ukuta umejaa viganja. Kimoja kilikuwa chini kabisa, pale anapoinamia kuosha miguu. Mzee Sabuni alichuchumaa mbele ya kile kiganja cha chini kwa muda mrefu, kwa sababu wateja wake wote wa nyuma waliinama bila kushika kitu, naye hakuwahi kutia alama mahali pale.

Kila kiganja kilipata kishikio chake. Mlangoni akaweka komeo kubwa la kuvutwa kwa mkono mzima. Komeo hilo linaweza pia kufunguliwa kwa nje kwa bisibisi, na kama Bibi anasoma jarida hili, tafadhali airuke sentensi hii.

Siku ya kukabidhi kazi wanawe wote sita walikuja, na mabegi yake yalikuwa yamepangwa kwenye korido, tayari kupakiwa. Bibi akachukua taulo, akaingia, akavuta komeo. Tulilisikia likigota. Kisha maji. Kisha maji yakakatika, kukawa kimya, na kaka mkubwa akaunyoosha mkono wake mlangoni. Mzee Sabuni akaushika ule mkono, akauteremsha polepole. Ndipo Bibi alipoanza kuimba, tena kwa sauti, tena vibaya, akaimba mpaka wanawe wakachoka kusimama wakakalia mabegi. Alipotoka, amejifunga kanga na ananukia, aliwatazama mmoja mmoja, akawaambia wainuke, wanamkunjia nguo zake. Kaka mkubwa akabeba begi la kwanza kulirudisha chumbani, analia na kucheka kwa pamoja. Mzee Sabuni naye alilia waziwazi, nami nililia, na sioni haya kuliandika.

Ahsante, Mzee wetu, kwa kila mtu anayeoga leo bila kuhangaika. Ahsante na wewe, Mama, kwa kutuazima mumeo miaka yote hii na kuja kumkomboa mwishoni. Tunakutakia, Mzee, afya njema, magoti yasiyolalamika, na asubuhi ndefu za maji ya moto. Oga bila haraka, baba, na asiwepo wa kukugongea mlango.